Kamati ya Kumhamisha Haboba

Shamim Uthman akiogopa hucheka. Ndivyo alivyoumbwa, na dawa yake haijapatikana. Alicheka katika mtihani wa darasa la saba mpaka msimamizi akamtoa nje apunge hewa. Alicheka siku ya kuozwa, hata ikabidi aulizwe mara mbili kama ameridhia kweli au anafanya mzaha. Na miaka mitatu baadaye, dereva wa lori alipomletea talaka ya mumewe kutoka Juba, ndani ya bahasha inayonuka dizeli, alicheka kwa muda mrefu hivi kwamba dereva ndiye aliyeomba kiti na maji ya kunywa.

Basi Jumatatu ile asubuhi, kicheko kilipoanza kutoka katika duka lake la kudarizi pale Kamwokya, Kampala, kikapanda, kikashuka, kikapanda tena, majirani hawakuuliza nani kamfurahisha. Aloyo, mwenye saluni ya mlango wa pili, aliacha kichwa cha mteja kikiwa nusu kimesukwa, akaja na chanuo mkononi.

"Shamim, iko nini?"

"Kazi," alisema Shamim, akijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Shule moja ya Ntinda wanataka nembo kwa sweta mia sita. Mia sita, Aloyo. Jumatatu ijayo wanataka jibu."

"Sasa hiyo ni ya kulia ama ya kucheka?"

"Haboba amekataa."

Aloyo alitazama meza ya dirishani, akaelewa, akavuta kigoda akaketi. Mteja wake alimwita mara mbili kutoka saluni kisha akakata tamaa.

Haboba, kwa Kinubi, ni bibi. Lilikuwa pia jina la kompyuta nyeusi ambayo Shamim aliinunua miaka kumi na minne iliyopita, mwaka ule ule wa bahasha ya dizeli, na ambayo tangu siku hiyo haikuwahi kuondoka mezani pake. Ilikuwa na Windows Saba. Feni yake ilikoroma. Kitufe cha herufi R kiling'oka zamani, mahali pake pakabandikwa kifungo cha shati. Kila jioni Shamim aliifunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, na kila asubuhi aliifunua na kuisalimia, kwa kuwa aliamini kwamba siku akisahau salamu uzi hukatika ovyo mpaka adhuhuri. Waya mnene ulitoka ubavuni mwa Haboba ukaingia kwenye mashine ya kudarizi yenye sindano sita. Haboba alifikiri, mashine ikashona. Asubuhi hiyo shule ilikuwa imetuma mchoro wa nembo yake, na Haboba, baada ya kukoroma dakika nzima, aliandika kwamba hajui ni kitu gani hicho.

Emile alikuja saa nne na begi lake la bisibisi. Ni Mkongomani wa Butembo, mwembamba, mpole, fundi wa kompyuta mwenye meza yake nyuma ya soko la Kamwokya, na ana kasoro moja kubwa ya kibiashara: hajui kudanganya. Alimsikiliza Haboba kama daktari anavyosikiliza kifua.

"Mama Shamim, iyi mashine haiko mubaya," alisema. "Iko muzee tu. Iyo Saba, bale benye kuitengeneza balisha kuiacha, sasa ni miaka mine. Na programu mupya ya kudarizi, yenye inajua kufungua mchoro ya shule, haiwezi kuingia mu Saba. Inaomba Kumi."

"Basi weka Kumi."

"Naweza." Alikuna kidevu. "Lakini programu yako ya zamani haitakubali mu Kumi. Ilifunguliwa na namba ya kampuni, na kampuni ilisha kufunga. Tukivuka, kurudia hakuna."

"Na michoro yangu?"

"Nitaikopia yote ku flash, mbele ya kuanza. Programu mupya itajaribu kuifungua. Ingine itafunguka bien. Ingine itafunguka yenye kuvurugika. Ingine, pengine, hapana."

"Na ua la Mama?"

Hapa fundi yeyote mwenye akili ya biashara angesema usijali, niachie mimi. Emile alitazama sakafu. "Siyui, Mama," alisema.

Shamim akaanza kucheka upya, safari hii akiwa ameegemea meza, na Emile, ambaye alikuwa amemzoea, alikaa akasubiri ipite. Ilipopita kidogo aliongeza kwa sauti ya chini kwamba hataki pesa ya kazi hiyo, afadhali alipwe kwa shuka. Dada yake Kavugho anaolewa mwezi wa kumi na mbili, na ameona lile ua kwa jirani, na tangu alione hana habari nyingine. Shamim alisema atalipata, na papo hapo roho yake ikaruka, maana alikuwa ameahidi kitu ambacho wiki ijayo huenda kisiwepo.

Ua la Mama ndilo lililokuwa limemshika. Mama yake, marehemu Faridah, alikuwa mdarizi wa mashuka ya arusi huko Bombo, na kwa Wanubi hilo si jambo dogo. Bibi arusi huingia nyumbani kwake na jozi ya mashuka meupe yenye ua moja kubwa katikati. Siku ya arusi hutandikwa, wakaingia mama wakubwa na mama wadogo, wakalitazama ua, wakapiga vigelegele, kisha shuka likakunjwa na kutiwa sandukuni, na huko hukaa. Wasichana ambao hawajaolewa hawachungulii. Faridah alikuwa akifanya kazi mlango umefungwa, yeye na bibi arusi peke yao, na Shamim alikulia upande wa nje wa mlango huo. Alikuja kuliona ua kwa macho yake siku ya arusi yake mwenyewe tu. Mwaka wa pili wa ndoa, akiwa kwa wakweze Arua, mama yake akafa ghafla. Shamim alifika Bombo kaburi limeshafukiwa.

Jambo hilo lilimuuma, na linamuuma mpaka leo. Aliporudi Kampala na talaka yake, alitoa shuka lake chini ya sanduku, akalitandaza mezani mbele ya Haboba, na kwa miezi mitatu akaliingiza ua ndani yake, tundu kwa tundu, mishono elfu kumi na moja. Siku mashine ilipolishona lote kwa mara ya kwanza alikaa sakafuni akalia, na wale wanaomjua watakwambia kwamba hiyo ni mara moja katika maisha yake. Tangu hapo maharusi wa Bombo, wa Nakawa, wa Ntinda, wote walikuja Kamwokya kutafuta ua la Mama Faridah. Shuka lake lenyewe liliraruka katika miaka ya kulishika na kulitandaza, likaishia kuwa vipande, na alivitunza vipande hivyo kwa muda, kisha panya wa Kamwokya nao wakachukua chao. Ua likabaki mahali pamoja tu duniani, nyuma ya kifungo cha shati.

Sasa tazama mwanamke huyo alivyoishi wiki ile. Jumatatu jioni alikuwa amekata shauri: anahama. Aliimba akifunga duka. Jumanne asubuhi alimfunua Haboba, akamsalimia, feni ikakoroma kwa namna aliyoiona ya huzuni, akaghairi. Jumanne mchana alikumbuka sweta mia sita, akazidisha kichwani, akaona paa jipya, mashine ya pili, safari ya Maka, akahama tena. Jumatano alimuuliza Obura, mwendesha boda wa kona ile, ambaye hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake. Obura alifikiri kwa makini na kusema yeye akiwa na pikipiki inayowaka haibadilishi injini, lakini pikipiki yake haiwaki. Shamim alimshukuru kwa moyo wote na kurudi dukani akiwa na mawazo mawili zaidi. Hakuwa akila. Alikuwa mwepesi, kichwa kikizunguka, akicheka na wateja, akiwapa watu chenji ya ziada. Wengine walianza kunong'ona kwamba amepata mchumba.

Mnong'ono huo ulimfikia Tarcisio, muuza mbao, na hapo mambo yakatoka mikononi mwa Shamim. Katika jiji hili mtu haoi bila kamati, hazikwi bila kamati, na Tarcisio alikuwa mwenyekiti wa kamati za arusi arobaini na moja, zote zikiwa na kumbukumbu zilizoandikwa. Alipopita kuuliza ni nani huyo bwana, akaambiwa bwana mwenyewe ni Windows Kumi, hakuvunjika moyo hata kidogo. Alisema jambo zito haliamuliwi na mtu mmoja. Aliitisha kikao cha Alhamisi, saa kumi na moja jioni, barazani kwa Shamim, na Aloyo akafanywa katibu kwa sababu ana daftari.

Walikuja watu kumi na tisa. Shamim aliwahesabu akicheka. Alikuja Obura, akaja Emile na begi lake, wakaja wateja watatu wa saluni wakiwa na vichwa vya hatua mbalimbali, na kutoka Bombo, kwa kubadilisha teksi mbili, alikuja Hajati Sumayiya, mdogo wake marehemu Faridah, mzee wa miaka sabini na kitu, amejitanda vizuri, kwa sababu alisikia kuna kikao kwa Shamim na akadhani ni arusi. Haboba mwenyewe alibebwa na meza yake mpaka mlangoni ili asisemwe akiwa hayupo.

"Ndugu zangu," alianza Tarcisio, "tumekutana kwa sababu ya kompyuta yetu. Kompyuta ni mzee, rakini tunaipenda. Sasa imepata nafasi ya kuendelea mbele. Kabla fundi hajatueleza, nani anatufungulia na ahadi?"

Ni mazoea tu. Lakini mazoea ni mazoea, na watu wa Kampala wakisikia neno ahadi mikono huenda juu yenyewe. Mmoja aliahidi kreti ya soda. Mwingine aliahidi viti thelathini. Mtu wa mwisho wa benchi aliahidi hema, na Aloyo aliandika yote, akapigia mstari hema. Shamim alijaribu kusema kwamba hema halihitajiki, akashindwa kwa kicheko. Hajati Sumayiya alimgusa jirani yake akauliza kwa heshima bibi arusi yuko wapi, akaonyeshwa Haboba.

Emile alisimama akaeleza, na alieleza vizuri: Saba ni ya zamani, ilifuatiwa na Nane, kisha ikaja Kumi, nayo ndiyo inayotakiwa.

"Ngoja kwanza," alisema Obura. "Saba, nane, kumi. Tisa iko wapi?"

"Tisa haiko."

"Ilienda wapi?"

"Haikuwa. Bale bantu baliruka tu."

Baraza lilichafuka. Watu kumi na tisa ambao nusu saa iliyopita hawakujali lolote sasa walitaka kujua kwa nini tisa imefichwa. Tarcisio alisema kwa uzoefu wake mtu akiruka jambo katika maelezo ya mchumba, jambo hilo ndilo hasa la kuchunguza. Emile, jasho likimtoka, aliapa kwamba hakuna siri, na kwa vile hajui kunyamaza akaongeza kwamba hata hiyo Kumi wenyewe wamesema mwaka ujao wataiacha, na kwamba ipo Kumi na Moja, ila Kumi na Moja haimkubali Haboba kwa umri wake.

"Banange, jamani," alisema Tarcisio, akakaa.

"Mimi nasema hivi," Aloyo alisema, kalamu ikiwa nyuma ya sikio. Alikulia kambi ya jeshi, na Kiswahili chake hakina kona. "Kama mzee moja imechoka, hapana fukuza yeye. Leta ya pili. Wekea yeye mke mwenza."

Wanawake walishangilia, wanaume wakatazama viatu vyao. Lakini Shamim alishapiga hesabu hiyo usiku na mchana: kompyuta ya pili ingelipiwa kabla ya kazi, na shule ingelipa baada ya kazi. Akatikisa kichwa. Kisha, kwa kuwa kila mtu alikuwa akimtazama, kicheko kikaanza kumpanda kutoka tumboni, na safari hii alikishika kwa mikono yote miwili mdomoni mpaka kikatulia.

"Mimi siogopi Kumi," alisema. "Wala Haboba. Naogopa ua la Mama. Likipotea humo ndani, siwezi kulichora tena. Shuka langu liliisha. Sikumzika Mama, na hilo ua ndilo nililobakiwa nalo. Basi."

Aloyo aliacha kuandika. Kutoka studio ya ng'ambo ya barabara muziki uliendelea kupiga ngoma yake ile ile.

"Ua lipi?" aliuliza Hajati Sumayiya.

"La Mama, Mama Mdogo. Lile ua lake."

"Lile lipi?"

Shamim alimtazama kwa huruma. Miaka inakwenda, alifikiri, kichwa nacho kinachoka. Akatoa foronya moja iliyokuwa tayari kwa mteja, akamwonyesha lile ua: petali nane nyekundu, moja imekunjwa pembeni, shina la kijani, majani mawili. Mzee alilitazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama Shamim, kisha ua tena. Mwishowe alikusanya nguo zake, akasema anataka teksi kabla giza halijaingia, na kwamba fundi asiguse kitu mpaka Jumamosi asubuhi atakaporudi. Kikao kiliahirishwa. Aloyo aliandika: suala la Tisa, bado.

Jumamosi saa tatu Emile alikuwa amekwisha kunakili michoro yote kwenye flash na amekaa mikono magotini, tayari. Shamim alikuwa akizunguka duka, akipanga upya nyuzi ambazo zilikuwa zimepangwa. Ndipo pikipiki ya Obura, iliyowaka siku hiyo kwa miujiza, ilipoingia uchochoroni. Nyuma yake alikuwa Hajati Sumayiya, ameketi upande, na mbele juu ya tangi lilikuwa sanduku la bati lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nyuma yao walikuja kwa miguu, kutoka kituo cha teksi, wanawake wa Kinubi, saba, wanane, kisha Shamim akapoteza hesabu, wengine wazee, wengine rika lake, kila mmoja na furushi kwapani.

"Toa taulo zako," Hajati alimwambia Aloyo, akionyesha kamba ya saluni.

Sanduku likafunguliwa, furushi la kwanza likatolewa. Lilikuwa shuka jeupe, limeanza kuwa na rangi ya chai kwenye mikunjo, na katikati pana ua la buluu, dogo, limefumba, shina lake likizunguka mara tatu kabla ya kufika juu.

"Hili langu," alisema Hajati. "Dada alinishonea mimi ndiye wa kwanza. Nilikuwa siwezi kukaa mahali pamoja, basi shina nalo likazunguka."

Likaanikwa la pili. Ua la njano, pana, limejaa shuka mpaka pembeni. Lilikuwa la mke wa Abdul-Latif wa Nakawa, ambaye alikuwepo pale, mnene na mwenye furaha, akasema naam, hivyo ndivyo alivyokuwa na hivyo ndivyo alivyo. La tatu lilikuwa na mwiba mmoja tu, na mwenye nalo hakueleza. La nne maua mawili kwenye shina moja, la mtu aliyeolewa siku moja na pacha wake. Kamba ikajaa, wakafunga nyingine kutoka mlango wa Shamim hadi nguzo ya umeme, ikajaa. Uchochoro mzima ukawa mweupe wenye maua, na watu waliokuwa wakipita kwenda sokoni walisimama.

Hakukuwa na mawili yaliyofanana. Shamim alikwenda kutoka shuka hadi shuka, akishika pembe kwa vidole viwili, akirudi, akikagua, kana kwamba mama yake angekosea mahali fulani na kurudia. Hakurudia.

"Mama Mdogo, hili ndilo lipi?" aliuliza, na sauti yake haikumtii. "Lile la kwenye Haboba. Ni la nani?"

"Ni lako."

"Najua ni la shuka langu, lakini..."

"Ni lako wewe. Dada alikuwa anamweka bibi arusi chini, anamtazama kutwa nzima. Hachori. Anatazama tu, wanaongea, wanakunywa chai. Jioni ndipo anachukua penseli. Wewe ulikuwa unacheka siku hiyo tangu asubuhi, hukumbuki? Kichwa umekiinamisha hivi." Hajati aliinamisha kichwa chake pembeni, na ilikuwa kweli petali ile iliyokunjwa. "Akaniambia jioni, huyu mtoto anaogopa. Anaogopa sana, lakini atakwenda. Basi akakunja petali moja."

Shamim aliketi kwenye kizingiti cha duka lake. Miaka kumi na minne. Mama yake alijua. Siku zote alidhani alikuwa amewadanganya watu wote wa Bombo kwa kicheko chake, na kumbe upande wa ndani wa ule mlango aliketi mtu aliyeona kila kitu, na akakiandika kwa uzi, mahali ambapo mwanawe angekiona kila siku ya kazi na asikisome.

"Na mbona hamkuniambia?" alisema hatimaye. "Nimewauzia maharusi wangapi? Wote wametandikiwa mimi."

Wanawake walitazamana. Mke wa Abdul-Latif ndiye aliyejibu, kwa adabu kubwa.

"Tulidhani mashine inajua moja tu. Tukasema ni mambo ya kompyuta. Hatukutaka kuvunja wewe moyo."

Kikaanza taratibu, mabegani kwanza. Kisha Shamim akacheka kicheko ambacho Kamwokya haijawahi kukisikia, kicheko kisicho na woga hata chembe, kikawaambukiza wenzake wote, mke wa Abdul-Latif akashika nguzo, Hajati Sumayiya akajifuta macho kwa shuka la watu, na Aloyo, ambaye hakuwa ameelewa vizuri, alicheka kuliko wote. Miaka kumi na minne ya heshima. Nusu ya masanduku ya Wanubi wa jiji hili yana petali iliyokunjwa, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

"Emile," Shamim alisema alipopata pumzi. "Bonyeza."

"Mama, uko na hakika? Kurudia hakuna."

"Nimesikia. Bonyeza."

Emile alibonyeza. Skrini ikawa ya buluu, tarakimu za asilimia zikaanza kupanda kwa uvivu, na nje wanawake, kwa vile mashuka yalishatandazwa na haijawahi kuonekana mashuka yatandazwe kimya kimya, wakaanza kupiga vigelegele na nyimbo za arusi. Viti thelathini vikafika. Kreti ya soda ikafika. Hema nalo, mbele ya macho ya Shamim, likafika na mtu wake wa kulisimamisha. Wapita njia waliuliza nani anaolewa, na Tarcisio aliyekuwa amevaa koti alijibu kwa uzito kwamba asilimia sitini na tatu.

Baada ya adhuhuri Haboba alizima, akakaa kimya kiasi cha kutisha, akawaka. Emile aliweka programu mpya, akafungua mchoro wa shule, nao ukafunguka kama mlango uliotiwa mafuta. Kisha akachomeka flash, akalitafuta ua, akavuta pumzi. Lilifunguka. Mishono yote elfu kumi na moja ilikuwepo, petali zote nane, lakini rangi zilikuwa zimevurugika, na ua zima, pamoja na shina na majani, lilikuwa la kijani kibichi.

"Pardon, Mama," alisema Emile kwa unyonge. "Nitatengeneza."

"Liache," alisema Shamim. "Ni langu. Halina haja ya kwenda popote tena."

Jumatatu alijibu shule kwamba kazi ataifanya. Jumatatu hiyo hiyo mchana alikuja Kavugho, dada yake Emile, msichana mrefu mwenye haya, aliyetumwa kuchagua ukubwa wa shuka. Alisimama mlangoni akasema amekuja kwa ajili ya lile ua, lile la wote. Shamim alimzima Haboba, ambaye sasa hakoromi sana, akamfunika kwa kitambaa chake ingawa jua lilikuwa bado juu. Akavuta kigoda karibu na dirisha, akafunga mlango, akamimina chai vikombe viwili.

"Kaa hapa kwenye mwanga," alisema.

Kavugho alikaa, akaweka mikono mapajani, akaitoa, akairudisha. "Nifanye nini, Mama?"

"Hakuna. Ongea tu. Leo nakutazama."

Kavugho alifikiri, akatabasamu upande mmoja wa mdomo, akaanza kueleza habari za ng'ombe wa babu yake huko Butembo, mmoja ambaye alikataa katakata kuvuka mto. Shamim aliinua kikombe chake akasikiliza, na penseli akaiacha mezani mpaka jioni.